Nimekariri funguzi sita za sataranji, bado nafungwa na shemeji

SWALI

Shikamoo mwalimu,

Naomba unisaidie kabla sijaufunga ubao wangu na kuutia uvunguni. Nilianza kujifunza sataranji miezi minane iliyopita pamoja na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Tulianza siku moja tukiwa wajinga sawasawa: yeye akisahau farasi anavyoruka, mimi nikichanganya mahali pa malkia na pa mfalme wakati wa kupanga. Miezi ya mwanzo tulipokezana, leo kanifunga yeye, kesho namfunga mimi.

Kisha nikaamua kuuchukulia mchezo kwa uzito. Kila usiku natazama video za funguzi, yaani mipango ya hatua za mwanzo wa mchezo, na nina daftari ninamoandika kila hatua kwa kalamu ya rangi. Mpaka sasa lina funguzi sita. Nikiwa na kete nyeupe nina Mfumo wa London, Gambiti ya Malkia na Ufunguzi wa Kiitalia. Nikiwa na nyeusi nina Sisilia tawi la Najdorf, Caro-Kann, na ule Ulinzi wa Kihindi wa Mfalme. Najdorf naijua mpaka hatua ya kumi na moja. Niamshe usiku wa manane, nitakutajia bila kupepesa.

Shemeji hajui hata ufunguzi mmoja kwa jina. Kila akishika nyeupe ni yaleyale: kitunda, ile kete ndogo ya mbele, mpaka e4 (safu ya e, mstari wa 4), farasi nje, askofu nje, mfalme mafichoni. Na ananifunga. Katika michezo ishirini ya mwisho nimeshinda mitatu. Linaloniuma zaidi ni kwamba hafuati mtiririko. Nikicheza Sisilia, video inasema mpinzani atatoa farasi f3 kisha kitunda d4. Yeye hatua ya pili tu anatoa askofu mpaka c4, nami nabaki nimekodoa macho.

Juzi nikasema basi, nicheze London, maana nimesikia ndio ufunguzi wa wanaoanza: unapanga kete zako mahali palepale bila kujali mwenzako anafanya nini. Nilikuwa nyeupe, na mchezo ulikwenda hivi (nisipotaja kete, ni kitunda). 1. d4, naye farasi f6. 2. Askofu f4, naye d6. 3. e3, naye akamleta farasi wa pili d7. 4. Askofu d3, naye e5. 5. Askofu wangu wa f4 akarudi g3, naye askofu e7. 6. Farasi f3, naye e4. Hapo nikapoteza kete nzima na shemeji akaanza kuimba. Mwalimu, kila hatua niliyocheza imo daftarini!

Je, London ni ufunguzi mbovu? Nichague upi nitulie nao? Mimi kwa tabia ni mpole, sipendi vurugu. Je, nitafute ufunguzi wa kujihami? Na nikariri mpaka hatua ya ngapi? Kuna mtu kaniambia chini ya hatua 15 ni kujidanganya.

Ni mimi,
Kitunda Kilichochoka

JIBU

Marahaba, Kitunda. Ubao uache hapohapo ulipo.

Nimeupanga mchezo wako na kuucheza mara mbili. Mpaka hatua ya 5 sikuoni na kosa. Kosa liko hatua ya 6, na nataka tukae hapo kwa muda, kwa sababu barua yako yote imo ndani ya hatua hiyo moja.

Rudisha kete zikae kama zilivyokuwa kabla hujamgusa farasi. Kitunda cheusi kiko e5, na mraba ulio mbele yake, e4, ni mtupu. Kikisogea hapo kitatishia mishazari miwili, d3 na f3. Kwenye d3 ulikuwa umeshamweka askofu. Kwenye f3 hapakuwa na kitu, mpaka wewe mwenyewe ulipompeleka farasi. Sasa kitunda kimoja kimeshika kete mbili na wewe una zamu moja. Ukimwokoa huyu, yule analiwa. Ungeweza kukila hicho kitunda kwa askofu, lakini farasi mweusi wa f6 anakilinda, kwa hiyo ungetoa askofu mzima na kupata kitunda. Kwa hesabu ya kawaida askofu au farasi ni sawa na vitunda vitatu. Biashara hiyo haina faida.

Unasema hatua zote zimo daftarini. Naamini. Farasi kweli hukaa f3 katika London, askofu kweli hukaa d3. Lakini yatazame yale mapigano ya mraba wa e5. Kama farasi angekuja f3 katika hatua ya 3, e5 ingekuwa inatazamwa na kitunda chako cha d4, askofu wako wa f4 na huyo farasi. Shemeji asingethubutu kusogeza kitunda pale wakati ule. Wewe ulichelewesha farasi, e5 ikapita, na kuanzia hapo hali ya ubao ikawa nyingine. Kete zilezile, mahali palepale, ila utaratibu tofauti. Daftari lako limeandika mahali pa kukaa, halikuandika kwa nini na lini.

Ungecheza nini hatua ya 6? Kitunda c3, kwa mfano. E4 ikija, askofu anarudi c2 kwa raha zake, na farasi unamtoa kupitia e2. Na nadhani c3 nayo imo daftarini, maana ni hatua ya London kabisa. Uliikosa kwa sababu mkono ulikuwa unafuata orodha na macho yalikuwa yamepumzika.

Kwa hiyo hapana, London si mbovu. Jina lake limetokana na mashindano yaliyofanyika London mwaka 1922, na hadi leo mabingwa wanaucheza. Ninachokipinga ni ile sentensi iliyokuvutia, eti unapanga "bila kujali mwenzako anafanya nini". Hakuna ufunguzi wa namna hiyo. Na hapa nikiri upendeleo wangu: kwa mtu wa miezi minane siupendekezi, kwa sababu unamzoesha kucheza hatua saba za kwanza akiwa usingizini, na akiamka ya nane anakuta nyumba imeshaibiwa.

Sasa hili la shemeji kutofuata mtiririko. Ubao ukiwa umepangwa upya, nyeupe ina hatua 20 za kuchagua: vitunda vinane, kila kimoja kinaweza kusogea mraba mmoja au miwili, hizo ni 16, na farasi wawili wenye njia mbili kila mmoja. Nyeusi naye ana 20. Kwa hiyo baada ya kila mmoja kucheza mara moja tu, kuna njia 400. Kila mmoja akicheza mara mbili, njia zinafika 197,281. Wewe umekariri Najdorf hatua kumi na moja za kila upande. Ni uzi mmoja kwenye shuka, na unamlaumu shemeji kwa kuushika uzi wa pembeni.

Wakubwa wanafuata mitiririko mirefu kwa sababu kwao kutoka nje ya njia kunaadhibiwa. Anayetoka anajua kuna mtu mbele yake atakayemwonyesha kwa nini hatua ile ni dhaifu. Huku kwetu chini hakuna adhabu. Shemeji anatoa askofu c4 dhidi ya Sisilia, hatua ambayo haina makali sana, na wewe huna cha kumfanya kwa sababu hukuandika cha kufanya.

Lakini hebu tuifikirie pamoja bila daftari. Askofu wa c4 anatazama wapi? Fuata mshazari: d5, e6, f7. Anaitaka f7, kile kitunda ambacho mwanzoni mwa mchezo kinalindwa na mfalme peke yake. Basi mzibie njia. Sogeza kitunda e6. Askofu sasa anatazama ukuta, na wewe umejiandaa kusukuma d5 ili umfukuze na upate sehemu yako ya katikati. Hiyo ndiyo hatua nzuri kabisa pale, e6 katika hatua yako ya pili, na umeipata kwa kuuliza swali moja la kitoto. Nina hakika Najdorf unaijua kwa kichwa, lakini nikikuuliza hatua yake ya 5, kitunda a6, inafanya kazi gani, utanijibu nini? Kazi yake kubwa ni kuwanyima farasi na askofu weupe mraba wa b5. Ukiwa huna jibu hilo, unachocheza wewe si Najdorf, ni namba ya simu uliyoikariri.

Ukiniuliza uchague upi, nitakushangaza: chagua anaoucheza shemeji. Ufunguzi wa Kiitalia. Umo daftarini mwako tayari, na kila siku unauona ukikufunga, kwa hiyo nusu ya somo umeshalipata bure. Ni ufunguzi wa zamani mno. Gioachino Greco, Mtaliano aliyekuwa akiandika michezo yake mwanzoni mwa karne ya 17, alijaza mitego yake, na mingine bado inanasa watu leo.

1. e4. Kitunda kinakalia katikati, na nyuma yake malkia na askofu wamefunguliwa mlango kwa mara moja. Mwenzako akijibu e5, 2. farasi f3, na farasi huyo hajatoka kupunga upepo, anaitishia e5. Nyeusi analinda kwa farasi c6. 3. Askofu c4, kuitazama ile f7 tuliyoisema. Baada ya hapo kitunda c3, kitunda d3, mfalme mafichoni upande wa kulia (ile zamu ambayo mfalme anasogea miraba miwili na ngome, kete ya pembeni kabisa, inaruka upande wa pili), na unaanza kucheza mchezo wako. Kila hatua hapo ina sababu ambayo mtoto anaweza kuielewa. Ndiyo maana naupenda. Hali zinazotokea ziko wazi, mapigano yanakuja mapema, na ukikosea unaona umekosea wapi. Katika Ulinzi wa Kihindi wa Mfalme ukikosea hatua ya 9, unakuja kufa hatua ya 30 na hujui ulikufa kwa ugonjwa gani.

Ukiwa na nyeusi, dhidi ya e4 jibu e5. Najua haina jina la kutisha kama Sisilia. Farasi c6 akilinda, na askofu mweupe akija c4, jibu kwa askofu c5. Nakuambia askofu c5, na si farasi f6 mara moja, kwa sababu moja ya wazi. Ukicheza farasi f6, nyeupe anaweza kumrusha farasi wake g5, na sasa askofu na farasi wote wawili wanaitazama f7. Kuna majibu, lakini ni msitu, na watu wengi wanaoanza wameliwa humo. Ukiwa na askofu c5 na farasi wako wa pili bado yuko nyumbani, nyeupe akijaribu farasi g5 tazama mshazari wa malkia wako: d8, e7, f6, g5. Uko wazi. Malkia anamla farasi bila kulipa kitu. Shemeji akiwa ni mtu wa haraka, utaipata siku moja. Ukisha kumtoa farasi f6 baadaye, mlango wa malkia umefungwa, basi usichelewe kumpeleka mfalme mafichoni, ili ngome isaidie kulinda f7.

Na kwa kuwa tuko kwenye f7, ule mtego wa malkia na askofu, hata kama shemeji bado hajaugundua, ataugundua. 1. e4 e5 2. askofu c4, wewe farasi c6, 3. malkia h5. Anatishia kula f7 na mchezo umekwisha. Wengi wanaona malkia anatishwa kirahisi, wanatoa farasi f6 kwa furaha, na wanafungwa papo hapo, hatua ya 4. Wewe sogeza kitunda g6 kwanza. Malkia lazima aondoke. Akirudi f3 kutishia f7 tena, hapo sasa ndipo unatoa farasi f6, anaziba njia. Angalia ubao: malkia wake ametembea mara mbili hajapata kitu, wewe una farasi wawili nje na askofu wako anakwenda g7 kukaa vizuri. Mpinzani wa namna hiyo usimkasirikie. Amekupa zamu za bure.

Dhidi ya d4, cheza d5. Akileta c4, hiyo ndiyo Gambiti ya Malkia unayoijua kwa upande wa pili, shikilia kwa kitunda e6, toa farasi f6, askofu e7, mfalme mafichoni. Tatizo lake moja ni askofu wa c8, ambaye kitunda cha e6 kinamfungia ndani. Atakusumbua kidogo. Vumilia, atatoka.

Caro-Kann ni ulinzi wa heshima, jina lake limetokana na Horatio Caro na Marcus Kann walioufanyia uchambuzi miaka ya 1880, na siku moja huenda ukawa wako. Si sasa. Funga kurasa zake kwa kipande cha uzi.

Badala ya video ya leo usiku, tafuta mchezo mmoja uliochezwa Paris mwaka 1858. Paul Morphy, Mmarekani wa miaka 21, alicheza peke yake dhidi ya watu wawili walioshauriana, aliyewahi kuwa mtawala wa Brunswick huko Ujerumani na mwenzake Count Isouard. Una hatua 17 tu. Wapinzani wake walianza vizuri, e5 na kitunda d6, kisha hatua ya 3 wakamtoa askofu g4 kumbana farasi. Morphy akala kitunda cha katikati, na ili wasipoteze kitunda hicho wakalazimika kumtoa askofu wao kwa farasi. Yaani kete pekee waliyoitoa nje ikapotea kwa kubadilishana, na malkia wa Morphy akawa amekuja f3 bila kupoteza zamu. Akamtoa askofu c4, anatishia f7. Wakaziba kwa farasi. Hatua ya 7 malkia akahamia b3, na sasa anatishia f7 na b7 kwa pamoja. Wakamleta malkia wao e7 kulinda. Simama hapo. Malkia wa e7 ameziba njia ya askofu wake mwenyewe wa f8. Askofu huyo hatatoka tena. Wala ngome ya h8 iliyo nyuma yake. Mchezo unakwisha, Morphy ameshamtoa malkia kafara na ngome yake iliyofika d8 inamfunga mfalme, na kete hizo mbili nyeusi bado ziko mahali zilipopangwa asubuhi.

Ucheze mchezo huo kwa mikono, ubaoni, mara tano. Usiukariri. Kila hatua ya Morphy jiulize imetoa kete gani mpya au imetishia nini. Mimi nimeucheza nadhani mara mia na bado hatua ya 7 inanifurahisha.

Upole wako tuuweke pembeni. Nimewahi kumfundisha mtu ambaye hata sauti yake ilikuwa haisikiki vizuri chumbani, na ubaoni alikuwa anachoma nyumba. Nimeona pia wakorofi wanaocheza kama wanaogopa kuvunja kikombe. Mtu wa miezi minane hajui bado yeye ni mchezaji wa namna gani, na ufunguzi hautamwambia. Isitoshe, ufunguzi "wa kujihami" katika mikono ya mtu asiyejua kushambulia unakuwa ni kusubiri kufungwa kwa utulivu.

Ukariri mpaka hatua ya ngapi? Huyo aliyekuambia 15 umsamehe. Fanya hivi: panga ubao, cheza ufunguzi wako polepole, na kila hatua iseme kwa sauti kwa sentensi moja, "natoa farasi huyu kwa sababu…" Mahali sentensi inapokwama ndipo maarifa yako yanapoishia, hata kama daftari lina hatua tisa zaidi. Kwa wengi inakuwa hatua ya 5 au 6, na inatosha kabisa. Mwezi ujao sentensi itakwama ya 7.

Daftari usilitupe. Ligeuze, uanzie nyuma. Kila ukimaliza mchezo, ushinde au ufungwe, andika hatua ya kwanza ya mpinzani iliyokushangaza. Moja tu. Chini yake andika ilikuwa inatishia nini, na ungeijibu vipi sasa ukiwa umetulia. Kwa mchezo wa juzi ukurasa wako ungekuwa na mistari miwili: "e5 hatua ya 4. Inajiandaa kusogea e4. Askofu wa d3 apewe njia ya kurudi, farasi asije f3." Ukishakuwa na kurasa thelathini za hivyo utakuwa na kitabu cha funguzi kilichoandikwa kwa ajili yako na shemeji yako, na hakuna duka linalokiuza. Programu ya simu inaweza kukusaidia kuhakiki, lakini ifungue baada ya kuandika, na usibabaike ikikuambia hatua yako ni dhaifu kwa robo ya kitunda. Robo ya kitunda haijawahi kumfunga mtu wa kiwango chetu. Kilichokufunga wewe ni farasi mzima.

Kuna jambo hukuniuliza nami nalisema kwa kifupi. Hesabu katika hiyo michezo 17 uliyofungwa, ni mingapi ilifika mwisho ubao ukiwa umebaki na kete chache, ukiwa bado sawa naye, kisha ukapoteza. Nahisi haitakosa minne mitano. José Raúl Capablanca, aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 1921 mpaka 1927, alishauri watu waanze kujifunza mwisho wa mchezo kabla ya mwanzo wake. Video moja ya mfalme na kitunda dhidi ya mfalme itakulipa kuliko tano za Najdorf. Na kama siku moja mnataka kucheka, jaribuni ule mchezo alioutangaza Bobby Fischer, bingwa wa zamani wa dunia, mwaka 1996, ambamo kete za mstari wa nyuma zinapangwa kwa bahati nasibu, mipangilio 960. Fischer mwenyewe, aliyekuwa ameujua ulimwengu wote wa funguzi, alikuwa amechoshwa na kukariri. Utamkuta shemeji naye amekodoa macho.

Kwa sasa, michezo kumi. Nyeupe Kiitalia, nyeusi e5 na d5, hakuna kingine hata akikuchokoza kwa nyimbo. Kabla hujagusa kete, mkono ukae mapajani, tazama hatua yake ya mwisho inataka nini, kisha ndipo ucheze. Ukimaliza niandikie tena, uniambatishie mchezo mmoja uliofungwa. Ulioshinda mwimbie yeye.